Daftari la madeni na daftari la sukari

Swali: Shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 47, naishi Likoni na nauza mahamri na mbaazi asubuhi karibu na stendi ya matatu. Huu ni mwezi wa tatu tangu niambiwe nina sukari na presha. Nimepewa metformin ya 500 asubuhi na jioni, na amlodipine moja kwa siku. Kliniki yangu iko ng'ambo, navuka feri. Kila nikienda napimwa, naambiwa "punguza", napewa dawa, natoka. Nyumbani mavyaa wangu ananichemshia mwarobaini, dada yangu amenikataza wali, na mume wangu ataka nifunge biashara. Ukweli ni kwamba dawa ya asubuhi siku nyingine naiacha, kwa sababu inanivuruga tumbo nami niko motoni tangu saa kumi alfajiri. Miguu nayo imeanza kuvimba jioni. Mara ya mwisho sukari ilikuwa 9.6 kabla ya kula, presha 152/94. Nimechoka kuendeshwa na kila mtu. Nitajifunzaje kujisimamia mwenyewe?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole kwa mzigo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimekuwa muuguzi katika kliniki za sukari na presha hapa Mombasa kwa miaka ishirini na zaidi, na maswali ninayoletewa mengi ni ya nile nini, nisile nini. Wewe umeuliza jingine, na ndilo ninalotamani kila mgonjwa angeuliza siku ile ile anayoandikiwa dawa.

Tupige hesabu kwanza. Mwaka una saa 8,760. Tuseme waenda kliniki kila mwezi, na kila ukienda unapata robo saa nzima ya kuzungumza na mhudumu, jambo ambalo kwa foleni zetu ni bahati. Hizo ni saa 3 kwa mwaka. Saa 8,757 zilizobaki uko nyumbani, uko kazini, uko ndani ya feri, umelala, na sukari na presha ziko nawe. Anayeamua kama dawa imemezwa ni wewe, na anayeamua mkono uende wapi sahani ikitandikwa ni wewe. Kwa hiyo kujisimamia tayari unajisimamia, hata siku unayoiacha dawa. Kilichobaki ni kujifunza kufanya hivyo ukiwa unaona unakokwenda.

Na hili ni jambo la kufundishika. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Stanford, muuguzi na mtafiti Kate Lorig na wenzake walianza na wagonjwa wa baridi yabisi, kisha wakatengeneza mafunzo kwa watu wenye maradhi ya kudumu ya kila aina: wiki sita, saa mbili na nusu kila wiki. Kinachonipendeza ni kwamba wanaoyaongoza wengi wao nao wana maradhi ya kudumu. Humo watu hujifunza kutatua tatizo dogo dogo, kuamua, kuzungumza na daktari, na kupanga hatua ya wiki moja. Nao watafiti Juliet Corbin na Anselm Strauss, mwaka 1988, walieleza kuwa mtu mwenye maradhi ya kudumu ana kazi tatu kwa pamoja: kuangalia tiba yake, kuendelea na nafasi yake katika maisha (mama, mke, mfanyabiashara), na kubeba yale ya moyoni, hofu na hasira na uchovu. Kliniki zetu hushughulika na ile ya kwanza tu. Barua yako imezitaja zote tatu.

Sasa nianze na kitu ambacho nina hakika unacho, kwa sababu sijawahi kumwona muuza mahamri asiyekuwa nacho: daftari la madeni. Wateja wako wa asubuhi, wengine hulipa mwisho wa wiki, na bila daftari ungekuwa umeshafilisika. Hukulipenda daftari, ila bila hilo hujui nani kachukua matano akasema matatu. Chukua daftari jingine, la kurasa chache, na uliweke karibu na hilo. Kila mstari utakuwa na tarehe na saa, namba iliyosoma mashine, na kilichotangulia: nilikula nini, nilimeza dawa au sikumeza, nililala saa ngapi, niligombana na nani. Usiandike kwa ajili ya kumfurahisha daktari. Siku uliyokula biriani ya harusi, andika biriani ya harusi.

Vijiti vya mashine ya sukari vina gharama, na sitaki uvimalize kwa kupima ovyo. Vipimo vinne kwa wiki vikipangwa vizuri vinatosha kukufundisha mengi. Siku mbili pima unapoamka, kabla ya kutia kitu mdomoni. Siku nyingine mbili chagua mlo mmoja, upime saa mbili baada ya kuanza kula. Watu wazima wengi wenye sukari huelekezwa wawe kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baadaye, ila mhudumu wako anaweza kukupangia namba tofauti kwa hali yako, kwa hiyo muulize yako ni ngapi uiandike kwenye jalada. Kama huna mashine, muulizie mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa wenu. Tangu 2023 serikali iliwapa wahudumu hawa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, nao kazi yao ni kupita majumbani.

Nikuonyeshe daftari linafanya nini. Kulikuwa na fundi seremala wa Majengo, mzee wa miaka sitini na kitu. Kila mwezi sukari yake ya asubuhi ilikuja juu, na kila mwezi akatuapia kuwa hali kitu kitamu. Tukamwongezea dawa. Mwishowe nikampa daftari. Akarudi baada ya wiki mbili, kurasa zimejazwa kwa ile penseli pana ya useremala: Jumatatu 8.1, Jumanne 11.9, Jumatano 12.3, Alhamisi 7.8. Upande wa kulia, nilipomwambia aandike alichokula usiku, kwenye kila namba kubwa palikuwa na neno moja, "baraza". Nikamuuliza baraza ni chakula gani. Akanyamaza, akaitazama ile safu, kisha akajibu mwenyewe. Baada ya Isha hukaa barazani na wenzake, kahawa chungu, na sinia ya halua katikati. Hakuna anayekata kipande chake akakiweka kando. Kila mtu anadonoa kidogo kidogo huku mazungumzo yakiendelea. Kwa hiyo katika hesabu zake hakuwa amekula. Sikumwambia aache baraza, na yeye hakuacha. Aliamua kukaa mwisho, mbali na sinia, na kunywa kahawa yake kwa tende moja. Mimi nisingeijua ile sinia hata ningesoma miaka kumi mingine, kwa sababu haikuwa kwenye damu yake wala kwenye faili lake.

Sasa yaangalie mahamri yako kwa jicho hilo. Wauzaji niliowahudumia karibu wote wana tabia moja: hawakai kula staftahi. Wanaonja la kwanza kuona kama limeumuka na iliki imetosha. Lililopasuka halimfai mteja, wanalila. Lililoungua upande, wanalila. Na kikombe cha chai ya sukari kiko kando ya karai tangu alfajiri, kinaongezwa kila kikipungua. Ikifika saa tatu, mtu amekula mahamri manne na kunywa vikombe vitatu naye aapa bado hajafungua kinywa. Sisemi ndivyo ulivyo wewe. Nasema kwa siku tatu tu weka kibakuli pembeni, na kila hamri ungelitia mdomoni litie humo kwanza. Kisha hesabu. Ukikuta ni moja, tumeondoa shaka. Ukikuta ni manne, umepata pa kuanzia bila mtu kukukemea.

Kuhusu 152/94 nina neno. Siikatai namba hiyo, ila nataka nijue ilipimwa vipi. Umeshuka feri, umepanda ule mwinuko katikati ya umati, ukakimbilia foleni, ukaitwa, ukakaa, mkono ukatiwa mkanda papo hapo. Presha ya namna hiyo hupanda yenyewe. Ukifika, omba ukae dakika tano kabla ya kupimwa. Mgongo uegemee kiti, miguu yote miwili iguse sakafu bila kukunjwa, mkono uwe wazi bila nguo na ulale juu ya meza usawa wa moyo. Usiwe umekunywa kahawa au chai kali nusu saa kabla, na uwe umekwenda haja ndogo. Usizungumze. Pima mara mbili, katikati upumzike dakika moja. Mhudumu akiwa na haraka, mwambie kwa upole, "Naomba nipumue kidogo kwanza, nimetoka feri." Hatakataa. Zikiendelea kusoma 140/90 na zaidi hata hivyo, basi hiyo ndiyo presha yako na tiba yako inahitaji kutazamwa. Wengi wenye sukari pamoja na presha hulengwa washuke chini ya 130/80.

Nije kwenye dawa unayoiacha, kwa sababu hapa ndipo ninapoona ufa mkubwa. Metformin kuvuruga tumbo ni jambo la kawaida, hasa miezi ya mwanzo, na hasa ikimezwa tumboni hamna kitu. Wewe unaimeza saa kumi alfajiri kwa chai, kisha unasimama motoni. Tumbo lolote lingelalamika. "Asubuhi" iliyoandikwa kwenye pakiti maana yake ni "pamoja na chakula cha asubuhi". Dawa haijui alfajiri, inajua chakula. Kama chakula chako cha kweli ni saa mbili, wateja wakishapungua, basi imeze hapo, katikati ya kula. Usipopata nafuu, zungumza na kliniki: kuna metformin inayoyeyuka polepole ambayo tumbo huistahimili zaidi, na pengine watakuanzishia kidogo kidogo. Ukinyamaza, itatokea hivi: daktari ataiona 9.6, atadhani unameza dawa zote na bado haitoshi, atakuongezea nyingine. Utakuwa na dawa tatu unazoziacha badala ya moja.

Miguu kuvimba jioni, amlodipine hufanya hivyo kwa watu wengi, na kusimama tangu alfajiri huzidisha. Mara nyingi ni dawa. Hata hivyo mwenye sukari na presha hatuachi kumwangalia figo na moyo, kwa hiyo litaje kliniki, wakupime mkojo na damu kuona figo, ndipo waamue kupunguza dozi au kubadilisha. Usiiache kwa uamuzi wako. Na kama uvimbe unakuja na kukosa pumzi ukilala chali, au mguu mmoja tu ndio umevimba na unauma, usingoje tarehe ya kliniki.

Umesema ukienda unapimwa, unaambiwa "punguza", unatoka. Nami nimekaa upande ule wa meza, nitakwambia tulivyo. Tuna watu sitini nje ya mlango. Mgonjwa akikaa na kusema "sijambo, nashukuru", tunashukuru pia na kuandika dawa zile zile. Kisha akishika kitasa cha mlango ndipo anageuka: "Halafu dokta, ile dawa..." Na mwenzake amekwisha kuingia. Kwa hiyo lile kubwa liseme la kwanza, kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Liandike juu ya ukurasa tangu usiku. Safari hii lako ni hili: "Dawa ya asubuhi naiacha siku kama tatu kwa wiki, inanivuruga tumbo, na miguu inavimba jioni. Tufanyeje?" Sentensi mbili, sekunde kumi. Ungama idadi ya siku unazoiacha, usione haya. Mhudumu anayekukaripia kwa kusema kweli amekosea yeye. Nimewahi kumwona mmoja, katika kituo nilichofanya kazi zamani, akimfokea bibi mmoja mbele ya watu hadi akalia. Yule bibi hatukumwona tena kwa miezi minane, na aliporudi alikuwa na kidonda mguuni. Sijaisahau siku ile.

Nenda na mfuko wenye dawa zako zote, pakiti zenyewe, na chochote unachochemshiwa nyumbani. Ukiambiwa jambo, lirudie kwa maneno yako: "Kwa hiyo nimeze hii nikiwa nakula saa mbili, na nirudi baada ya wiki nne?" Ukiwa umeelewa vibaya, itaonekana hapo hapo. Uliza pia kuhusu kile kipimo tunachokiita sukari ya miezi mitatu, HbA1c. Kile cha kidole kinakuambia sukari ya saa hiyo tu, na mtu anaweza kujinyima siku mbili kabla ya kliniki akaja na namba nzuri. Hiki husoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi siku kama 120, kinaonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Wengi hulengwa wawe chini ya asilimia 7. Na mara moja kwa mwaka uchunguzwe macho, figo, mafuta ya damu na miguu. Usisubiri uitwe. Omba.

Sasa wa nyumbani. Mavyaa wako anakuchemshia mwarobaini kwa mapenzi, na mwanamke wa kwetu hamwambii mavyaa "sitaki dawa yako". Naelewa. Lakini mwarobaini, uwatu na michanganyiko mingi michungu inayouzwa kwa ajili ya sukari inaweza kushusha sukari kweli, na hakuna anayejua kikombe kimoja kinashusha kiasi gani. Ukinywa leo kikali na kesho chepesi, daftari lako halitakuambia lolote la kuaminika, na siku utakayoongezewa dawa nyingine unaweza kushuka kupita kiasi. Mwendee siku mmetulia, umpigie goti, umwambie: "Mama, nataka tuijue kweli ya hii dawa ya kliniki. Niachie miezi miwili nimeze hiyo peke yake, nipime, nikuonyeshe namba mimi na wewe." Kisha mwonyeshe kweli. Umpe na kazi ya kufanya, kwa sababu mzee anayechemsha dawa anatafuta namna ya kukusaidia: akukumbushe tembe ya jioni, au akupikie bamia na mchicha, hivyo vitakufaa kuliko majani. Na yeyote anayekuuzia chupa kwa ahadi kwamba sukari itakwisha uache dawa, mpite. Nimewapokea waliorudi kutoka huko.

Mume wako ataka ufunge biashara. Huenda ameogopa, na wanaume wetu wakiogopa hutoa amri. Mwambie namba zako. Watu wengi wakishaambiwa wana maradhi ya kudumu hupokonywa kazi zao moja moja kwa huruma, mpaka wanabaki wagonjwa tu, hawana jina jingine. Karai lako ni riziki na ni heshima yako, na sioni sababu ya kulizima. Ninachoona ni usingizi. Ukilala saa tano na kuamka saa tisa na nusu kila siku, presha na sukari zote huumia. Kama kuna lolote la kumwomba bwana, ni akande unga jioni au awashe moto, wewe upate saa moja zaidi.

Na dada yako mwambie wali haujaharamishwa. Tatizo ni sahani yetu ya pwani ilivyo: mlima wa wali wa nazi, kipande cha samaki, na mchicha kijiko kimoja kando kama urembo. Igeuze. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe wali au muhogo au chapati, robo iwe samaki, kunde, pojo au mbaazi. Mbaazi zako mwenyewe ni chakula kizuri kwako, zina nyuzinyuzi na hupandisha sukari polepole kuliko hamri, ila tui zito lipunguze. Kwa presha, adui wa pwani ni chumvi iliyojificha: ng'onda, papa mkavu, achari, viungo vya pakiti. Kwa siku nzima kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, pamoja na iliyomo ndani ya hivyo vyote. Ng'onda ukimpenda, mloweke usiku, umwage maji, na mchuzi usiutie chumvi tena.

Hukuniuliza kuhusu Ramadhani, lakini kama unafunga, usingoje mwezi uandame. Nenda kliniki wiki sita au nane kabla, dawa zipangwe upya kwa futari na daku. Kujidunga kidole kupima sukari hakufunguzi, wanazuoni wengi wamelieleza hilo, kwa hiyo pima mchana bila wasiwasi. Ikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6, fungua. Mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake, na siku nyingine zipo za kulipa.

Zishike dalili hizi mbili kwa moyo, na uwafundishe wa nyumbani. Sukari ikishuka sana, mtu hutetemeka, hutoka jasho la baridi, moyo humwenda mbio, huwa mkali au huchanganyikiwa. Kwa metformin peke yake ni nadra, lakini ukija kupewa glibenclamide au insulini ni jambo la kulitarajia. Dawa yake ni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, ungoje dakika 15, upime tena, kisha ule. Aliyepoteza fahamu asitiliwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali. La pili: mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu ghafla, au maneno yakivurugika, ni kiharusi mpaka ithibitishwe vingine, na kila dakika ina thamani. Usikandwe, usisomewe kwanza, upelekwe. Kifua kikibana ni vivyo hivyo.

Miguu yako, kila usiku kabla ya kulala, itazame nyayo kwa kioo cha mkononi. Sukari ya muda mrefu hufisha hisia za nyayo. Nimemtoa mtu pini kwenye unyayo ambayo alitembea nayo siku mbili hajui. Wewe uko karibu na mafuta ya moto na makaa, usisimame na ndala nyembamba. Tafuta kiatu kinachofunika vidole.

Kama hujajisajili na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, fanya hivyo kwa *147# au mwombe mhudumu wa jamii akusaidie. Huduma za kawaida za zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi, na huenda ukapimwa presha na sukari hapo hapo Likoni bila kuvuka feri kila mwezi. Ng'ambo ukabaki unakwenda kwa yale makubwa.

Najua nimeandika mengi, na mtu akisoma mengi hushika yote leo na kuyaachia yote keshokutwa. Kwa hiyo nakuomba ushike moja. Katika mafunzo yale ya Stanford hatua ya wiki lazima ijibu nini, kiasi gani, lini, na siku ngapi. Kisha unajiuliza: kutoka sifuri hadi kumi, nina uhakika gani kuwa nitaweza? Ukijibu chini ya saba, hatua ni kubwa, ipunguze. "Nitapunguza uzito" haina siku wala kiasi. "Nikifunga meza saa tatu nitatembea dakika ishirini, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa" inayo. Kwako wewe ningeanza na hii: wiki mbili, siku sita kwa wiki, metformin ya asubuhi uimeze saa mbili ukiwa umekaa kitini unakula, na kila siku utie alama kwenye daftari. Jumapili pumzisha alama, lakini dawa meza. Jiulize ni ngapi kati ya kumi. Ukisema tano kwa sababu saa mbili bado kuna wateja, isogeze iwe saa tatu.

Itatokea siku utakayoamka huna hamu ya kupima, huna hamu ya mtu kukuuliza umekula nini. Huo ni uchovu, humpata karibu kila mwenye maradhi haya, na siku mbili bila daftari hazifuti wiki uliyoandika. Ila ukiona huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, usingizi umekataa, na hata karai limekuwa zito kuliinua, hilo nalo liandike juu ya ukurasa ulitaje kliniki kama unavyotaja tumbo. Lina tiba.

Wiki mbili zikiisha, niandikie tena. Nitumie zile safu kama zilivyo, pamoja na idadi ya mahamri ya kwenye kibakuli, na unieleze mavyaa alisemaje.